Dhima ya Vyuo vya Ufundi vya Miaka Miwili: Mfano wa Ndalu, kati ya Kitale na Bungoma

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ujuzi hauzeeki. Methali hiyo husikika mno katika sherehe za mahafali, na aghalabu anayeitamka huwa amevaa joho la chuo kikuu. Fundi anayetengeneza kinu cha kusagia mahindi sokoni, ambaye methali hiyo inamhusu zaidi, hayupo ukumbini. Kutokuwepo kwake kunaeleza mengi kuhusu namna jamii inavyoitazama elimu ya ufundi.

Takwimu zinadhihirisha uzito wa suala hili. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2024 nchini Kenya, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na 246,391 kati yao wakapata alama ya C+ au zaidi, yaani kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, takriban robo moja ilifunguliwa mlango wa chuo kikuu. Waliobaki walizidi 716,000. Mjadala wa magazetini hujikita katika ile robo; robo tatu zilizosalia hutajwa kwa neno moja tu, "waliofeli", kana kwamba maisha yao yamekoma siku matokeo yalipotangazwa.

Makala haya yanajadili dhima ya vyuo vya ufundi vinavyotoa mafunzo ya miaka miwili hivi kwa vijana hao. Ndalu, katika eneo la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, inatumiwa kuwa kioo cha suala lenyewe. Hoja kuu ni kwamba chuo cha aina hii hutimiza kazi yake kikizingatia masharti matatu: kiwe karibu na jamii, kimudiwe na mkulima wa kawaida, na kiseme lugha ya karakana. Historia ya Kenya inaonyesha kuwa masharti haya yamekuwa yakivunjwa mara kwa mara, na mara nyingi kwa nia njema.

Ndalu na suala la ardhi

Ndalu iko karibu na mpaka wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia. Mkazi wake huelekea Kitale au Bungoma kwa shughuli zinazozidi uwezo wa soko la kijijini. Ni nchi ya mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa. Kabla ya uhuru, ardhi ya Tongaren na viunga vyake ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Kufuatia Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, mashamba hayo yaligawanywa na familia za Waafrika zikapewa makazi. Waliopata vipande hivyo walihesabiwa kuwa na bahati, na kwa hakika walikuwa nayo.

Hata hivyo, ardhi haizai ardhi. Tuchukue mfano wa kubuni wa familia iliyopata ekari 20 katika miaka ya 1960. Mzee akiwagawia watoto wake watano, kila mmoja atapata ekari 4. Kila mmoja wao akiwa na watoto wanne, kizazi cha tatu kitapata ekari moja moja. Katiba ya mwaka 2010 imeupa nguvu usawa wa wana na mabinti, kwa hivyo hesabu haiwezi tena kupunguzwa kwa kuwaacha mabinti nje. Ekari moja ya mahindi haiwezi kulisha nyumba, kulipa karo na kununua mbolea ya msimu ujao. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Bungoma pekee ilikuwa na watu 1,670,570.

Aidha, viwanda vilivyotarajiwa kuwapokea vijana wa kizazi cha pili havikudumu kama ilivyotumainiwa. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji katika miaka ya 1970 na kuupa mji huo jina, kilifungwa mwaka 2009, na baadaye kikapata mmiliki mpya mwaka 2016. Kijana wa Ndalu aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifikia umri wa kutafuta kazi shamba likiwa limegawanyika na kiwanda kikiwa kimefungwa. Kilichobaki ni ujuzi ambao angeweza kuubeba mkononi, na hapo ndipo chuo cha ufundi kinapohitajika.

Usuli wa vyuo vya ufundi

Wazo la chuo kilicho karibu na kijiji si geni nchini Kenya. Mwaka 1966, Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza swali ambalo lingali linaulizwa: kijana akimaliza shule, aende wapi? Kutokana na ripoti hiyo kulizuka vyuo vya ufundi vya vijijini. Majengo yake yalikuwa duni na vifaa vichache, lakini mafunzo yalilenga kazi zilizohitajika mahali pale pale: uashi, useremala, ushonaji, ufuaji chuma. Vyuo hivyo baadaye viliitwa vyuo vya ufundi vya vijana.

Katika miaka ya 1970 vuguvugu la Harambee lilizaa taasisi kubwa zaidi za teknolojia. Wananchi walichanga fedha na mazao ili eneo lao lipate chuo. Magharibi mwa Kenya kulianzishwa chuo kilichojulikana kwa ufupi kama WECO mjini Kakamega, na Bungoma ikapata taasisi ya Sang'alo. Mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya, iliyowatambua mafundi wadogo wadogo kuwa nguzo ya uchumi. Mafundi hao ndio wanaojulikana kwa jina la jua kali, kwa vile wengi wao hufanya kazi bila paa.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikusudiwa kumpa kila mwanafunzi stadi za mkono. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na masomo ya ufundi yakafifia. Mzigo ukarudi kwa vyuo.

Leo muundo wenyewe unaongozwa na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013. Chini kuna vituo vya mafunzo ya ufundi stadi, ambavyo kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010 viko mikononi mwa serikali za kaunti. Juu yake kuna vyuo vya kiufundi, kama vile Matili kule Kimilili na Kisiwa katika Kaunti ya Bungoma. Kisha kuna vyuo vya taifa, kikiwemo cha Kitale, kilichopandishwa hadhi hiyo mwaka 2016. Mtahiniwa aliyepata D anaweza kujiunga na mafunzo ya cheti cha ufundi, na aliyepata C- akaanza diploma. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma inakusudia kumwezesha mtu kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kwa maandishi, basi, ngazi ipo na imekamilika.

Chuo kinaongeza nini juu ya uanagenzi?

Swali moja huulizwa na wazazi wengi: kwa nini kulipa karo ilhali kijana anaweza kukaa na fundi sokoni akajifunza bure? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la vitendo.

Tazama mwashi anapopima pembe ya nyumba. Hupima futi 3 kwenye ukuta mmoja na futi 4 kwenye ukuta wa pili, kisha huvuta kamba baina ya alama hizo mbili. Kamba ikitimiza futi 5, pembe imekaa sawasawa. Maelfu ya mafundi hufanya hivyo bila kujua kwa nini inakuwa kweli, na nyumba zao zimesimama. Lakini mwanafunzi wa chuo huelezwa kwamba 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake, 25, ni 5 mara 5. Akielewa hivyo, haihitaji tena futi 3 wala 4. Akipewa jengo kubwa atatumia 6, 8 na 10, au 9, 12 na 15, naye atapunguza kosa ambalo kamba fupi ingelileta.

Hali kadhalika, fundi wa mjengo anajua kipimo cha moja, mbili, nne: karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Chuo kinamfunza kwa nini maji yakizidi zege hudhoofika, na kwa nini zege jipya linapaswa kumwagiwa maji kwa siku kadhaa badala ya kuachwa likauke juani. Fundi wa umeme anajua kuunganisha taa. Chuo kinamfunza kwamba taa ya wati 60 kwenye umeme wa volti 240 huvuta robo ya ampea, na kwa hivyo anaweza kukadiria ni vifaa vingapi waya mmoja utabeba kabla haujaanza kuungua. Moto unaoteketeza vibanda vya soko mara nyingine huanzia kwenye hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Kutokana na mifano hii, kazi ya chuo inabainika. Chuo hukutanisha mkono na sababu. Uanagenzi humpa kijana jibu la tatizo alilokwisha kuliona, nacho chuo humwandaa kwa tatizo ambalo mwalimu wake hajawahi kukutana nalo. Miaka miwili ni muda wa kutosha kwa kazi hiyo, na ni muda mfupi wa kutosha kwa familia isiyoweza kungoja miaka minne.

Ufundi na shamba

Ni kosa kudhani kwamba ufundi humtoa kijana shambani. Katika ukanda wa Kitale na Bungoma, shamba lenyewe linahitaji mafundi. Kitale ni kitovu cha utafiti wa mahindi. Mbegu chotara ya kwanza ya aina ya 611 ilitolewa huko mwaka 1964, na Kampuni ya Mbegu ya Kenya ina makao yake mjini humo. Hata hivyo, mbegu bora haitoshi iwapo mavuno yataharibika. Mahindi yanapaswa kukaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 ili yahifadhike salama na kukubaliwa ghalani. Mvua ikinyesha wakati wa mavuno, mkulima anahitaji mtambo wa kukaushia, kipimo cha unyevu, na mtu anayejua kuvitengeneza vinapoharibika. Maziwa nayo yanahitaji mashine ya kupoza na fundi wa kuihudumia.

Kituo cha Kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, ni mfano mwafaka. Tangu mwaka 1984 kimekuwa kikifunza kilimo hai cha vipande vidogo: kuchimba kitalu kwa kina, kutengeneza mboji, kupanda kwa mpangilio unaobana nafasi. Mafunzo ya aina hii yanamhusu moja kwa moja yule mjukuu aliyerithi ekari moja. Hayamwahidi ajira ya ofisini. Yanamwonyesha namna ekari moja inavyoweza kufanya kazi ya ekari mbili.

Gharama na ukaribu

Kati ya mambo yanayoamua iwapo kijana wa Ndalu atasoma, umbali na ada hutangulia kipaji. Mwaka 2018, serikali iliweka karo ya vyuo vya kiufundi kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 30,000 zililipwa na serikali, na zilizobaki, 26,420, zikaweza kuombewa mkopo. Kwa mara ya kwanza mzazi mwenye magunia machache ya mahindi angeweza kufikiria chuo bila kuuza shamba. Mfumo mpya ulioletwa mwaka 2023 uligawa gharama baina ya ufadhili, mkopo na mchango wa familia kwa kutazama hali ya kila mwanafunzi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila badiliko la sera ya karo husikika kwanza nyumbani kwa mkulima mdogo, kwa sababu hana akiba ya kumkinga.

Ukaribu nao una thamani isiyoonekana kwenye hati za bajeti. Mwanafunzi anayelala kwao halipi kodi ya nyumba mjini, hula ugali wa nyumbani, na jioni husaidia kukamua. Mama kijana, ambaye asingeweza kuondoka kwa miaka miwili, anaweza kuhudhuria masomo na kurudi kwa mtoto. Ndiyo maana mpango wa serikali wa kujenga chuo cha kiufundi katika kila mojawapo ya maeneo bunge 290 una maana kubwa kwa sehemu kama Tongaren. Hata hivyo, jengo lisilo na mashine wala wakufunzi ni darasa la nadharia lenye jina la karakana.

Tanzania ilikwisha kutambua thamani ya ukaribu. Kuanzia mwaka 1975 ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuiga vyuo vya umma vya Uswidi, na vikafika zaidi ya 50. Nchini Marekani, chuo cha Joliet karibu na Chicago kilianzishwa mwaka 1901, na kutokana nacho ukakua mfumo wa vyuo vya jamii vya miaka miwili. Mwanafunzi huweza kuanza karibu na kwao kwa gharama nafuu, kisha akahamia chuo kikuu akiwa na masomo yanayotambuliwa. Katika mifumo yote miwili, chuo kidogo kina heshima yake chenyewe.

Usiache mbachao

Kenya ina desturi ya kukienzi chuo cha ufundi kwa kukifanya kiwe kitu kingine. WECO ya Kakamega iligeuzwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2002, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Taasisi ya Kimathi kule Nyeri ilipita njia hiyo hiyo hadi ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2012. Chuo cha Ufundi cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1961, na kile cha Mombasa, ambacho mizizi yake ni taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, vilikuwa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Bungoma nayo, chuo cha walimu wa diploma cha Kibabii kilitoa nafasi kwa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati mwaka 2015.

Hakuna anayeweza kukana kwamba vyuo vikuu hivi vimeleta faida. Kijana wa Bungoma leo anaweza kusoma shahada bila kwenda Nairobi, na baadhi ya taasisi hizi zimeendelea kutoa diploma. Lakini kila chuo cha kati kilipopandishwa, hapakuwekwa kingine mara moja mahali pake. Wananchi waliochangia WECO walichangia chuo cha watoto wao wote. Walichopata hatimaye ni chuo chenye mlango wa C+. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Mbachao ulikuwa mchakavu, lakini ndio uliokaliwa na wengi.

Madhara yake ni ya kiakili pia. Ikiwa tuzo ya chuo bora cha ufundi ni kuacha kuwa chuo cha ufundi, basi mwanafunzi aliyemo anaambiwa kimyakimya kwamba yuko mahali pa kupita tu.

Lugha ya karakana

Hapa ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapoingia. Aliyewahi kusimama mlangoni mwa karakana anajua kuwa kazi huenda kwa Kiswahili. Mkufunzi husema, "lete bisibisi", "kaza nati", "piga randa taratibu", "ukuta haujafuata timazi". Mwanafunzi huuliza na kujibiwa kwa Kiswahili, na pale Ndalu kwa Kibukusu pia. Kisha kengele hulia, wote huingia darasani, na maarifa yale yale huandikwa ubaoni kwa Kiingereza. Mtihani wa kitaifa nao huja kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba kijana anaweza kuunda kiti kisichoyumba na akashindwa katika swali linalomtaka aeleze kiungo alichokitumia. Mtahini anapima sarufi ya lugha ya kigeni akidhani anapima useremala. Ikumbukwe kwamba wengi wa wanafunzi hawa walipata alama za D, na kwa baadhi yao Kiingereza ndicho kilichowafunga tangu mwanzo. Kuwapeleka chuoni na kuwapima tena kwa kipimo kile kile ni kuwafungia mlango wa pili kwa kufuli la kwanza.

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ufundi. Dai hilo halina mashiko. Neno karakana lenyewe, lililotokana na Kiajemi, lina maana ya mahali pa kazi. Lugha hii ina patasi, juba, tupa, kekee, timazi, pima maji, parafujo na mwiko. Imechukua spana, jeki na bolti bila taabu. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Tanzania, ambayo mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutumia Kiswahili kwa mapana katika mafunzo hayo. Hesabu ya taa, ya zege na ya pembe zilizotolewa hapo juu zimeelezwa kwa Kiswahili, na hakuna kilichopungua.

Wengine husema kwamba vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza na kwamba ajira za ng'ambo hudai lugha hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kufunza Kiingereza cha kazi kama somo, kwa makini kuliko sasa. Kusoma maelekezo ya mashine ni stadi mojawapo ya fundi. Haifai kuwa kizingiti cha kumtambua kuwa fundi. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kutahini kwa lugha zote mbili, mtahiniwa achague, kungeafikiana na katiba hiyo.

Kazi ya kwanza haihitaji amri ya waziri. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Karakana za Kitale, Matili, Kisiwa na Sang'alo, pamoja na mafundi wa jua kali wa Ndalu, ni hazina ya istilahi ambayo haijakusanywa ipasavyo. Kurekodi neno analotumia mchomeleaji kwa kila hatua ya kazi yake, kulilinganisha na lile la Mombasa na la Dar es Salaam, kisha kutoa faharasa ndogo ya kila fani, ni utafiti halisi wa isimu. Faida yake ingeonekana mwaka huo huo katika daftari la mwanafunzi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa chuo cha ufundi cha miaka miwili kina kazi yake mahususi. Hukutanisha mkono na sababu, huliwezesha shamba dogo kuzaa zaidi, na humpokea kijana ambaye mtihani mmoja umemweka kando. Ili kifanye hivyo, kinapaswa kubaki karibu, kubaki nafuu, na kubaki chuo cha ufundi hata kinaposifiwa. Serikali ina wajibu wa mashine na karo, na kaunti zina wajibu wa vituo vya chini. Lugha, kwa upande wake, ni wajibu wa wale wanaosoma na kufundisha Kiswahili, na wajibu huo hauwezi kukabidhiwa mtu mwingine. Fundi wa Ndalu amekwisha kufanya sehemu yake, kwa kuwa kila siku anaitumia lugha hii kujenga, kuchomelea na kushona. Kinachosubiriwa ni msomi afike karakanani akiwa na kalamu, asikilize, aandike.